Mrundi Hatoki kwenye Kiingereza: Uhakiki wa Majukwaa ya Kufundishia Kiswahili Mtandaoni

Wahitimu wa Kiswahili hapa Bujumbura huulizana mara kwa mara kama mtu anaweza kuishi kwa kuifundisha lugha hii kwa njia ya mtandao, hasa pale ajira ya shuleni inapochelewa. Swali ni la haki. Makala haya hayakusudii kuendesha semina ya ujasiriamali. Yanakusudia kuhakiki, kwa jicho lile lile tunalohakikia riwaya na tamthilia, majukwaa machache ambayo mhitimu wetu atakutana nayo kwanza atakapofungua simu yake kutafuta mfano wa kufuata. Katika kila jukwaa tutauliza swali moja: limebuniwa kwa ajili ya nani? Hoja yangu ni kwamba majukwaa yanayovuma ya kufundishia Kiswahili yanavutia, na mengine yanafundisha vizuri sana, lakini yamejengwa kwa ajili ya mwanafunzi anayetoka kwenye Kiingereza. Mrundi hatoki huko. Anatoka kwenye Kirundi, na Kirundi na Kiswahili ni ndugu. Atakayeiga majukwaa hayo bila kulizingatia hilo atakuwa anauza nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Tutazame kwanza mazingira yetu. Kiswahili si mgeni Bujumbura. Kilikuja na misafara ya biashara iliyopitia Ujiji, kikatumiwa na Wajerumani waliojenga boma lao Usumbura, na chini ya Wabelgiji kikajikita katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza, ambako hadi leo mtoto hukipata barabarani kabla ya kukipata shuleni. Mwaka 2007 Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katika kipindi hicho Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi kando ya Kirundi na Kifaransa. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Darasani hali ni nyingine. Mtoto wa Buyenzi na mtoto aliyehamia mjini kutoka Ngozi huketi dawati moja. Wa kwanza anachoshwa na "hiki ni kiti", wa pili hajui aanzie wapi, na mwalimu ana kitabu kimoja cha kuwahudumia wote wawili. Hapo ndipo somo la mtandaoni lingefaa, kwa sababu kila mmoja angekwenda kwa mwendo wake.

Tumechelewa kidogo kulifikia, na sababu mojawapo inajulikana. Mwaka 2020, wakati janga la korona lilipofunga shule karibu dunia nzima, Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi chache sana ambazo hazikufunga za kwao. Kenya ilifunga mwezi Machi mwaka huo, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Walimu wa huko walilazimika kujifunza kufundisha kwa simu, watake wasitake. Sisi hatukulazimika. Kuchelewa huku kuna hasara yake, lakini pia kuna nafuu: tunaweza kuyatazama makosa ya wengine kabla ya kuyalipia sisi wenyewe.

Bundi wa kijani

Jukwaa analolitaja kila mwanafunzi ni Duolingo. Liliasisiwa na Luis von Ahn na Severin Hacker huko Pittsburgh, Marekani, likafunguliwa kwa umma mwaka 2012, na nembo yake ni bundi wa kijani. (Kwetu bundi ni ndege wa nuksi, akilia juu ya paa watu hukosa usingizi. Kampuni hii imefaulu kuwafanya mamilioni ya watu wamwogope bundi kwa sababu nyingine kabisa: huwakumbusha kila jioni kwamba hawajasoma.) Kozi ya Kiswahili ilitoka kwa majaribio mwezi Februari 2017, ikiwa imeandaliwa na watu waliojitolea, kwa ajili ya wanaojua Kiingereza.

Tuanze na sifa zake, maana si haki kuikosoa kazi kabla ya kuitambua. Sifa ya kwanza ni kwamba mashine haicheki. Kila mwalimu wa lugha anajua jinsi mwanafunzi mwenye akili nzuri anavyonyamaza muhula mzima kwa sababu siku moja alitamka neno vibaya na darasa zima likaangua kicheko. Mbele ya simu anakosea peke yake, anarudia, anasonga mbele. Sifa ya pili ni udogo wa somo. Dakika tano zinatosha, na mtu mwenye shughuli anaweza kuzipata akiwa kwenye foleni ya basi, na mtu aliyewahi kusubiri basi hapa mjini wakati mafuta yameadimika anajua kwamba foleni hiyo inaweza kutosha masomo kumi. Sifa ya tatu ni hesabu ya siku. Programu huhesabu siku ulizosoma bila kukatiza, na hesabu hiyo ikishafika mbali mtu huona uchungu kuivunja. Haba na haba hujaza kibaba. Waliobuni utaratibu huu wanaielewa kanuni hiyo kuliko wengi wetu tunaoisomesha katika kipindi cha methali.

Hata hivyo, tujiulize kibaba hicho kinajazwa nini. Kinachohesabiwa ni siku, wala si mazungumzo. Mtu anaweza kuwa na siku 300 mfululizo na asiweze kumuuliza muuza viatu wa Kariakoo bei ya jozi moja, kwa kuwa kazi aliyofanya siku zote hizo ni kupanga maneno yaliyokwisha kuandikwa kwenye vibao. Kupanga si kutunga. Kampuni yenyewe inaishi kwa kumrudisha mtumiaji kesho. Ina watumiaji zaidi ya milioni 100 kwa mwezi, imo katika soko la hisa la Marekani tangu Julai 2021, na mapato yake ya mwaka 2024 yalizidi dola milioni 700. Siilaumu kwa kutafuta faida. Nasema tu kwamba mjasiriamali anayechukua kipimo cha kampuni hiyo achukue akijua kinapima nini.

Ila kasoro inayonigusa zaidi kama mwalimu wa hapa ni nyingine. Mazoezi mengi ya kozi hii ni ya tafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Tuchukue sentensi "Anasoma kitabu". Mwanafunzi anatakiwa aigeuze kwa Kiingereza, na hapo inamlazimu aamue kama msomaji ni wa kiume au wa kike, aamue pia kama kitabu kinajulikana au hakijulikani, kisha aandike yote hayo bila kosa la tahajia. Kiswahili hakimuulizi maswali hayo. Kirundi chake nacho hakimuulizi: "arasoma" ni "anasoma", awe baba au mama. Kijana aliyesomea kwa Kifaransa shule nzima anajikuta akisahihishwa Kiingereza katika somo la Kiswahili. Kwa miaka mingi kosa katika programu hii lilimgharimu mwanafunzi moyo mmoja, na mioyo ikiisha somo lilisimama. Wangapi miongoni mwa wanafunzi wetu walipoteza mioyo yao kwa ajili ya lugha ambayo hawakuja kujifunza? Kisha wakafunga simu wakiamini kwamba Kiswahili ni kigumu.

Wala tusitegemee kwamba kampuni hiyo itatuletea kozi ya kutoka Kirundi. Aprili 2025 ilitangaza kozi mpya 148 zilizotengenezwa kwa msaada wa akili unde, zote zikiwa za lugha 7 zinazopendwa zaidi, na Kiswahili hakimo. Kwa kampuni kubwa hesabu hiyo ina maana. Kwetu maana yake ni kwamba nafasi iko wazi.

Mwalimu mmoja na kinasa sauti

Jukwaa la pili ni dogo na halina bundi. Language Transfer ni kazi ya mwalimu mmoja, Mihalis Eleftheriou, ambaye ametoa bure kozi za sauti za lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, na anaendesha shughuli kwa michango ya wasikilizaji. Hakuna picha, alama wala ushindani. Unamsikia mwalimu akizungumza na mwanafunzi. Mwalimu anaeleza jambo moja, anauliza, anasubiri, na wewe msikilizaji unatakiwa usimamishe sauti ujibu kabla ya mwanafunzi yule. Mwanafunzi anakatazwa kukariri. Anafundishwa mzizi, kisha kiambishi, kisha anaambiwa atunge sentensi ambayo hajawahi kuisikia.

Kwa maoni yangu hii ndiyo kozi bora kati ya hizi mbili, na inathibitisha kwamba kuvutia si lazima kutokane na rangi na king'ora. Kinachomvuta msikilizaji ni ile furaha ya kutunga "sitaki kukusumbua" kwa akili yake mwenyewe. Mwanafunzi wa isimu atafaidika akiisikiliza hata kama ni mzawa wa Kiswahili, ili aone jinsi mofolojia inavyoweza kufundishwa bila kulitaja neno mofolojia.

Lakini tazameni mbinu hiyo inapoegemea. Katika kozi yake ya Kihispania mwalimu huyu anachota kutoka Kiingereza maneno mengi yenye asili ya Kilatini, anampa mwanafunzi kanuni ya kuyageuza, na kwa somo moja mwanafunzi anajikuta na mamia ya maneno. Ni ufundi mkubwa. Anapofika kwenye Kiswahili hazina hiyo inakauka, kwa sababu Kiingereza hakina cha kumkopesha katika ngeli, wala katika vitenzi, isipokuwa vijineno kama "baiskeli" na "benki". Anabaki na mantiki tupu, na anaitumia vizuri. Sasa fikirini mbinu hiyo hiyo ingekuwaje mikononi mwa mwalimu anayeanzia Kirundi. Hapo hazina imejaa tele!

Hazina ya Kirundi

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo mhitimu wetu anamzidi mhandisi yeyote wa Pittsburgh.

Mrundi hahitaji kuelezwa ngeli ni nini. Anazo. "Umuntu" na "abantu" wake ni "mtu" na "watu"; "igitabo" na "ibitabo" ni "kitabu" na "vitabu"; "umwaka" ni "mwaka". Mwambie aondoe irabu ya mwanzo, kisha mwoneshe kwamba "aba-" inakuwa "wa-" na "ibi-" inakuwa "vi-", na katika dakika kumi amepata kile ambacho mzungumzaji wa Kiingereza hukihangaikia miezi mitatu. Akisema kwa Kirundi "ibitabo vyanje bibiri" yuko hatua moja tu kutoka "vitabu vyangu viwili".

Kanuni za sauti nazo zinasaidia. Penye "z" ya Kirundi mara nyingi Kiswahili kina "j": "amazi" ni "maji", "kuza" ni "kuja". Tena Kiswahili kimeangusha konsonanti ambayo Kirundi kimeihifadhi: "inzira" ni "njia", "inzara" ni "njaa". Mpe mwanafunzi "inzira" na "njia" kwanza, halafu mpe "inzara" peke yake umwambie akisie. Akipata "njaa" bila kuambiwa, hutahitaji bundi wa kumkumbusha arudi kesho.

Ugumu wa Mrundi uko mahali pengine, na majukwaa tuliyoyataja hayapagusi kwa kuwa hayamjui. Uko kwanza katika "l" na "r". Kirundi hakitofautishi sauti hizi mbili kama Kiswahili kinavyozitofautisha, na kalamu kwa Kirundi ni "ikaramu". Matokeo yake ni mwanafunzi anayemwambia mwalimu kwa unyenyekevu kwamba amesahau karamu yake nyumbani, na mwenzake anayetangaza kuwa wazazi wake wamekwenda kula, kumbe wamekwenda kupiga kura. Zoezi la kusikiliza na kuchagua kati ya jozi hizi, likiambatana na picha ya sahani ya pilau upande mmoja na kalamu upande wa pili, linachekesha na linafundisha kwa wakati mmoja.

Uko pia katika wanyama. Kirundi kinasema "inka zibiri", na ngombe wake wanafuata upatanisho wa ngeli yao bila kujali kwamba wana uhai. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anasema "ng'ombe mbili zimekunywa maji", na anashangaa akisahihishwa kuwa ni "ng'ombe wawili wamekunywa maji". Uko tena katika ukanushi wa wakati uliopo, ambapo Kiswahili kinabadili irabu ya mwisho na Kirundi hakibadili. Ndiyo maana "sisomi" huja kwa taabu na "sisoma" huja yenyewe.

Na uko, zaidi ya kote, katika marafiki wa uongo. "Kwiga" kwa Kirundi ni kujifunza, "kuiga" kwa Kiswahili ni kufuatisha afanyavyo mwingine (na pengine wapo wanafunzi wanaofanya yote mawili kwa pamoja wakati wa mtihani). "Igiti" ni mti, "kiti" ni cha kukalia. "Umuti" ni dawa, "mti" ni wa msituni. "Inama" ni mkutano, na Mswahili akiambiwa "inama" atapinda mgongo. "Ejo" ni jana na ni kesho pia, hivyo mwanafunzi lazima ajifunze kuchagua. "Ijana" ni mia moja, na "jana" ni siku iliyopita: hebu fikirini mfanyabiashara anayedai deni.

Orodha kama hii haiko katika programu yoyote kati ya hizo mbili. Iko vichwani mwa walimu wa Bujumbura. Kama kuna mtaji ambao kijana asiye na fedha anaweza kuanza nao, ndio huu.

Simu iliyopo na mfuko unaolipa

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni, kwa masikitiko yangu, vyote viwili hujitembeza, na chema kisichofunguka kwenye simu ya mteja hakiuziki kabisa. Hapa mifano mizuri iko kwa majirani zetu. Eneza ya Kenya ilijenga masomo yake juu ya ujumbe mfupi wa simu, ili mtoto mwenye simu ya vitufe aulizwe maswali na ajibu. Kwa njia ya Safaricom ilijulikana kama Shupavu 291, na ada yake ndogo ilikatwa kwenye salio. Ubongo, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, ilichagua televisheni na katuni za kufundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na watoto wakaweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi. Shule Direct ya Faraja Nyalandu, iliyoanza mwaka huo huo, iliweka masomo ya sekondari kwenye tovuti, kisha ikaongeza huduma ya ujumbe mfupi, Makini SMS, kwa wasio na intaneti. Wote watatu walikitazama kwanza chombo kilichoko mkononi mwa mwanafunzi, wakakata nguo kwa kipimo hicho.

Kwetu kaya nyingi bado hazina umeme wa gridi, na kifurushi cha intaneti huhesabiwa kama chumvi. Sauti ya dakika moja iliyobanwa vizuri haizidi nusu megabaiti. Video ya dakika hiyo hiyo inaweza kula mara kumi au zaidi. Kwa hiyo naona ni kupoteza nguvu kwa mhitimu kuanza kwa kutengeneza video, au kumlipa mtaalamu amjengee programu ya simu ambayo mteja atatakiwa kuipakua. Kundi la WhatsApp, sauti za dakika tatu, na picha moja moja zinatosha kuanzia. Jukwaa si lazima liwe na jina lake juu ya mlango.

Nani atalipa? Si mwanafunzi wa shule, kwani hana fedha, na mzazi wake amekwisha kulipa pengine. Ni mfanyabiashara anayefuata bidhaa Dar es Salaam, kwa kuwa mizigo mingi ya nchi hii hupita bandari ile. Ni dereva wa lori. Ni muuguzi anayepokea wagonjwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Ni msomi anayeitwa kwenye usaili Arusha. Mtu kama huyo haji kutafuta nyota na medali. Anataka wiki ijayo aongee bei.

Basi somo lake la kwanza lisiwe "hujambo, sijambo". Liwe hesabu. Mrundi anayejua "kabiri, gatatu, kane, gatanu, umunani, cumi" amekwisha kujua, akipunguza hiki na kubadili kile, "mbili, tatu, nne, tano, nane, kumi". Zinazobaki ngeni kwake ni "moja", na "sita, saba, tisa" zilizotoka Kiarabu. Makumi ndiyo yatamsumbua, kuanzia "ishirini" hadi "tisini", na "mia" ambayo sharti itenganishwe mapema na "ijana" yake. Kwa siku nne anaweza kuuliza bei na kuielewa atakapojibiwa. Siku ya tano atumwe akaongee bei kwa Kiswahili katika soko la Buyenzi, arudishe sauti aliyojirekodi mwenyewe akisimulia yaliyompata. Hilo halihitaji kengele.

Kuna hesabu moja ambayo naona wengi hawaifanyi, na biashara nyingi za aina hii hufia hapo. Tuseme kundi lina wanafunzi 30, kila mmoja anatuma sauti ya dakika mbili kwa siku, na mwalimu anamjibu kila mmoja kwa dakika moja. Hizo ni dakika 90 kila siku. Wakifika 100 ni saa tano, bado hajaandaa somo la kesho, na ada ni ile ile. Kampuni kubwa zimelikwepa tatizo hili kwa kumwondoa mwalimu; mashine inasahihisha vibao. Mhitimu wetu akifanya hivyo amejiondolea kitu pekee anachowazidi. Njia ya kati ipo: kila siku asikilize sauti sita tu kati ya zile 30, asahihishe kwa sauti mbele ya kundi zima, ili kosa la mmoja liwe somo la wote, na zamu izunguke kwa siku tano. Zilizobaki wasikilizane wawili wawili. Ni utaratibu wa darasa la kawaida, ila umehamishiwa kwenye simu, na kwa Lumicash au njia nyingine ya malipo ya simu ada inaweza kutolewa kwa wiki badala ya muhula. Anayelipa kwa wiki anaweza pia kuondoka kwa wiki, na hilo litamfanya mwalimu asilale.

Programu za akili unde zinaweza kumsaidia kutunga mazoezi haraka. Azitumie, lakini azisome kwa kalamu nyekundu. Maandishi ya Kirundi ziliyolishwa ni machache kuliko ya Kiswahili, sembuse ya Kiingereza, na kazi yetu iko hasa pale lugha hizi mbili zinapokutana. Programu ikikuambia kwamba "umuti" ni "mti", mteja wako wa duka la dawa hatacheka.

Sauti ya nani?

Limebaki jambo ambalo najua wenzangu katika Idara hatutakubaliana. Kozi hiyo izungumze Kiswahili kipi? Buyenzi mtu husema "niko nasoma", na ukivuka mpaka hadi Uvira utasikia hivyo hivyo. Kitabu cha shule kinasema "ninasoma". Wapo watakaotaka kozi ifunge mlango kwa "niko nasoma" tangu siku ya kwanza, kwa hoja kwamba mteja analipa apate Kiswahili sanifu. Wapo watakaosema Kiswahili cha Bujumbura kifundishwe kama kilivyo, maana ndicho kinachosikika dirishani.

Mimi naona mwanafunzi afundishwe kusema sanifu na kusikia vyote. Mfanyabiashara aliyeagana na wenyeji wa Buyenzi asubuhi na kufika Kigoma jioni amesikia Kiswahili cha aina mbili kwa siku moja, na kote alikuwa na mzigo wa kulinda. Mazoezi ya kusema yamwelekeze kwenye "ninasoma". Mazoezi ya kusikiliza yarekodiwe na watu wa Buyenzi, wa Kigoma na wa Unguja, bila kumwambia nani anatoka wapi hadi amalize kujibu. Kuhusu sauti ya mwalimu mwenyewe, ningependa awe Mrundi aliyekulia kwenye Kirundi na akajifunza Kiswahili kama anavyojifunza mteja wake, na mwenye uwezo wa kutamka "kalamu" na "karamu" mara kumi mfululizo pasipo kuteleza. Wapo kadhaa katika mwaka wa tatu. Gharama ya kuwarekodi ni simu moja na chumba chenye mapazia.